Risasi Iliyogeuka Vumbi

Sulo Raisanen alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa kinamasi, theluji imekunywa damu chini ya kifua chake, na kofia ya rangi ya chungwa bado iko kichwani. Koti lake nalo lilikuwa la chungwa. Mtu aliyevaa hivyo hata mwenye chongo humwona kutoka ng'ambo ya bonde.

Inspekta Urho Peltola alisimama juu ya maiti akiwa amefura. Ilikuwa saa tano asubuhi, tarehe kumi na tano Novemba, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu. Siku hiyo katika kaunti ya Pinery shule hufungwa, kiwanda cha mbao hufungwa, na mtu akifariki hungojewa hadi wiki ipite ndipo azikwe. Peltola alikuwa amekaa kwenye kibanda chake cha kuvizia tangu alfajiri, na dume la pembe nane lilikuwa linamjia polepole, redio ilipomwita. Alifika na hasira zake zote.

"Ajali, afande?" aliuliza Konstebo Trevarrow.

"Ajali gani? Umewahi kuona kulungu wa rangi ya chungwa?"

Walimgeuza marehemu. Tundu la risasi lilikuwa chini ya kwapa la kushoto, dogo hata kidole cha mwisho kisingepita. Upande wa pili hapakuwa na tundu lolote. Koti lilikuwa limetoboka ubavuni lakini mkono wa koti haukuguswa. Peltola alijaribu kwa mwili wake mwenyewe: ili risasi iingie pale bila kupita mkononi, ilibidi mkono uwe umeinuliwa. Aliliandika hilo kwenye daftari, kisha akalisahau.

"Bunduki ndogo," alisema, akatema mate pembeni. "Mbili-mbili-tatu, au ndugu yake. Bunduki ya kuulia panya."

Peltola, kama wanaume wengi wa huko, alitumia bunduki kubwa ya thelathini-sifuri-sita aliyoachiwa na baba yake, inayopiga bega teke la punda. Aliamini kwamba anayemwendea kulungu na kitu kidogo kuliko hicho anamchezea mnyama. Imani hiyo hakuitoa kitabuni. Aliikuta nyumbani, kama alivyokuta kahawa na sauna, lile bafu la mvuke.

Njia ya kwenda kambi ya uwindaji ya marehemu ilipita hatua themanini kutoka hapo, imekanyagwa na watu wa kambi asubuhi ile, nyayo juu ya nyayo. Pembeni mwa njia hiyo Trevarrow aliinama, akaokota ganda la risasi kwa kibano. Halikuwa la njano kama maganda mengi. Lilikuwa jeupe, linang'aa kama kijiko kipya, na kitakoni lilichorwa namba: mbili-mbili-tatu.

"Haya," alisema Peltola. "Twende tukamwone mwenye kijiko."

Kambi ya akina Raisanen ilikuwa nyumba ya magogo yenye vitanda vinane na jiko la kuni. Ukutani, kutoka mlangoni hadi jikoni, zilikuwa zimepigiliwa misumari pindo za mashati, kila moja na jina na mwaka. Sheria ya kambi ni moja: ukifyatua na kulungu akaenda zake, jioni shati lako linakatwa pindo la nyuma mbele ya wenzako, liwe kuukuu au la harusi. Hakuna rufaa. Wengine pale ukutani walikuwa wamekufa miaka thelathini iliyopita, na aibu yao bado inaning'inia.

Mle ndani walikuwamo watu watatu. Mzee Heikki Oja, binamu wa marehemu na mpishi wa kambi, alikuwa anakoroga birika la kahawa ambalo halikuhitaji kukorogwa, machozi yakimtiririka. Armas, mdogo wa marehemu, mkulima mwenye mabega mapana, alikuwa amesimama dirishani amekunja mikono. Na mezani peke yake alikaa Delphine, mke wa marehemu, mikono ya shati lake ina damu iliyokauka mpaka viwikoni.

"Damu ya nani hiyo?" Peltola aliuliza kabla hata hajavua kofia.

"Ya kulungu wangu," alisema Delphine. "Ananing'inia hapo nje. Au hukumwona?"

Alikuwa amemwona. Dume zito, pembe kumi, limefungwa kwenye mti wa kuning'inizia. Peltola aliuliza bunduki yake iko wapi, naye akaionyesha kwa kidevu. Ilikuwa nyepesi na nyembamba, mbili-mbili-tatu, na mtutu wake ulinuka baruti mbichi. Kando yake kulikuwa na boksi la risasi, zote na maganda meupe.

Armas alicheka kwa pua. "Nilisema miaka mitatu yote. Nilimwambia Sulo, mke wako akae mjini na kibunduki chake. Mwanamke hajawahi kulala kwenye kambi hii tangu marehemu baba aijenge. Miaka hamsini na minane. Akaja naye, na matokeo ndiyo haya."

"Armas, jamani," alisema Mzee Oja.

"Jamani nini? Nani mwingine hapa ana bunduki ya kuchezea? Afande, nusa yangu." Alimsogezea thelathini-sifuri-sita yake. Ilinuka mafuta tu. Haikuwa imefyatuliwa siku hiyo. "Na ukitaka kujua nani ananufaika, muulize shemeji yangu nani kaandikiwa kambi hii. Wiki tatu tu zimepita. Baba alimwachia Sulo kwa kuwa ndiye mkubwa, Sulo kaenda kwa mwanasheria akamwandikia huyu kwenye wosia. Wino haujakauka, mume yuko chini."

Delphine alimtazama Armas, na kwa chuki iliyokuwa kwenye macho yale Peltola aliamini kabisa kwamba mwanamke huyu anaweza kuua. Mawazo yake hayakwenda mbali zaidi ya hapo.

Mzee Oja aliulizwa kuhusu milio ya bunduki. Alikuwa amebaki kambini anaoka pasti za nyama na viazi, akasikia bunduki ndogo mara mbili: saa moja na dakika ishirini, na tena saa mbili na robo. Mlio wa bunduki ndogo, alisema, ni kama ubao mkavu unaovunjwa gotini, haufanani na mlio wa nyingine. Delphine alikubali wa kwanza, ule wa dume lake. Wa pili aliukana. Basi Peltola alimtoa nje, akamfunga pingu mbele ya mti uliobeba kulungu wake.

Jioni maabara ilileta jibu. Alama ya pini kitakoni mwa ganda jeupe ililingana na bunduki ya Delphine, bila shaka yoyote. Mwendesha mashtaka alifurahi. Alisema Jumatatu saa tatu asubuhi mwanamke atapandishwa kizimbani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na kwa kosa hilo katika jimbo lile mtu hutoka gerezani akiwa amebebwa. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Jumapili asubuhi Peltola alimtoa mahabusu na kumketisha chumba cha mahojiano. Alitaka mwanamke akiri kuliko kitu kingine.

"Ulifyatua mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mzee Oja alisikia mbili."

"Mzee Oja hana kosa. Ya pili haikuwa yangu."

"Ganda ni la bunduki yako. Maabara imethibitisha."

"Sikatai."

"Basi lilifikaje pale?"

"Hiyo ndiyo kazi unayolipwa kuifanya, Inspekta."

Peltola alipiga meza kwa kiganja. Delphine hakupepesa macho. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, binti wa wakata magogo Wafaransa wa ng'ambo ya ziwa. Bega la kulia lilivunjika lori lilipopinduka, na daktari alikuwa amemkataza bunduki yenye teke. Ndiyo maana alibeba ndogo. Wanaume wa kambi walijua sababu hiyo na walimcheka vilevile.

"Nikuulize mimi," alisema. "Risasi iliyomuua mume wangu ilitokea upande wa pili?"

"Hapa nauliza mimi."

"Ilitokea, au haikutokea?"

"Haikutokea."

"Basi iko ndani. Iko katika hali gani?"

"Daktari hajamaliza. Risasi ni risasi."

Hapo ndipo Delphine alipocheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Umeishi miaka mingapi msituni, we mwanamume? Risasi ni risasi! Sikiliza, kwa sababu inaonekana hakuna aliyewahi kukufundisha. Bunduki hii ndogo ina risasi za aina mbili. Ziko za mbweha na nungunungu. Hizo ni nyepesi, koti lake la shaba ni jembamba, zikigusa ngozi tu zinasambaratika. Ukimpiga nazo kulungu begani unamtia kidonda, anakwenda kufia kinamasini baada ya siku tatu. Na ziko za kulungu. Ni nzito kidogo, koti nene, limeshikamana na kiini mpaka huwezi kuvitenganisha. Inafunguka kama uyoga lakini haivunjiki. Ghali, na zinauzwa kwenye maganda meupe. Hizo ndizo zangu. Sina nyingine, sijawahi kuwa na nyingine, na sijui kujaza upya maganda matupu mwenyewe."

"Maneno hayo mwambie wakili."

"Nakwambia wewe. Nyinyi wenye mizinga mnatia chochote mkipatacho, mnyama anaanguka, mnajiita mafundi. Mwenye bunduki ndogo hana ruhusa ya kukosea risasi." Aliinama juu ya meza. "Umeuliza ganda ni la nani. Kichwa cha risasi hukukiulizia. Kama aliyoitoa daktari ni nzima, nifunge. Kama imesagika, utakuja kunitazama usoni. Na kama huniamini, kamkate kulungu wangu. Bado ananing'inia."

Peltola alimrudisha mahabusu bila kumuaga. Alijiambia ni kelele za mtuhumiwa. Lakini maneno yalikuwa yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kabla ya saa sita alijikuta mbele ya mlango wa chumba cha maiti.

Dokta Quayle, mwanamke mkavu asiyependa wageni, alimwekea picha ya eksirei kwenye kioo cha taa. Ndani ya kifua cha Sulo palitapakaa vidoadoa vyeupe, mamia, kama unga ulionyunyizwa. Risasi yenyewe haikuwapo.

"Iko wapi?" Peltola aliuliza.

"Hiyo unayoiona ndiyo yote. Nimeokota vipande vya koti vyembamba kama ganda la kitunguu. Imesambaratika palepale ilipoingia. Vipande hivi huwezi kuvilinganisha na mtutu wowote duniani." Kisha akaongeza, kwa sauti ileile, kwamba mkono wa kushoto wa marehemu ulikuwa juu ilipompiga.

Peltola alimwomba asimwonyeshe mtu yeyote picha ile wala kuitaja. Aliendesha gari hadi kambini na Trevarrow bila kusema neno njia nzima. Mzee Oja alisimama shahidi, birika la kahawa mkononi. Walimshusha dume la Delphine wakamchuna bega la kushoto, penye tundu dogo risasi ilipoingia. Mfupa ulikuwa umevunjika. Wakamchuna bega la kulia, nalo limevunjika, na chini ya ngozi ya upande wa pili paliota uvimbe mdogo kama jipu. Peltola aliupasua kwa kisu.

Risasi ilianguka kiganjani mwake. Nzima. Imefunguka kichwani kama uyoga, shaba imekunjika nyuma kwa petali nne safi kama za ua, na kiini hakijaachana na koti hata kidogo. Imevunja mabega mawili ya dume la pembe kumi na kubaki kitu kimoja.

Alisimama nayo kwenye baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Ganda jeupe lilikuwa la risasi kama hii. Lakini kilichomuua Sulo hakikuwa hiki. Ganda lilisema hivi, maiti ikasema vile, na vitu hivyo viwili havikutoka kwenye risasi moja. Mtu aliweka ganda pale kwa mkono wake. Naye Peltola, afisa mwenye miaka ishirini na sita kazini, aliliokota kama kuku anayetupiwa punje, akaenda kumfunga mjane saa chache baada ya kufiwa. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto kwenye ile baridi.

"Mzee," alimwambia Oja, "maganda ya Delphine mtu angeyapata wapi?"

Mzee Oja alifikiri. "Oktoba alikuja kurekebisha shabaha, hapo nyuma ya choo. Alifyatua tatu. Maganda akayapata mawili. La tatu alilitafuta mpaka magoti yakalowa, hakuliona."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mimi, Sulo." Mzee alisita. "Na Armas. Alikaa kwenye gogo na kikombe chake, anamcheka."

"Anamcheka kwa lipi?"

"Wimbo wake uleule. Kwamba virisasi hivyo vidogo vinapasuka kama yai kwenye ngozi, haviui kitu. Anasema anavijua, yeye huua navyo nungunungu wanaotafuna ghala lake." Mzee aliposikia alichokisema, birika lilimtoka mkononi.

Jumatatu saa moja asubuhi, zikiwa zimebaki saa mbili mahakama ianze, Armas aliitwa kituoni kutia sahihi maelezo yake. Alikuja ameoga, amenyoa, amevaa shati jipya la miraba. Trevarrow hakuwapo, alikuwa ameondoka alfajiri na hati ya upekuzi, anaelekea kwenye ghala.

Peltola alimkaribisha kiti. Aliongea naye kama mwanamume kwa mwanamume. Alimsifu kwamba katika ukuta wote ule wa pindo hapakuwa na jina lake, na Armas akasema kweli, miaka thelathini na minne hajawahi kukosa. Kisha Peltola akatoa mfuko wa plastiki na kuuweka mezani kati yao. Ndani yake palikuwa na ule uyoga wa shaba.

"Risasi ya shemeji yako," alisema. "Nimeitoa jana kifuani."

Armas aliinama akaitazama. Uso wake ulikunjamana kidogo, kisha ukalegea, kisha akacheka.

"Unanijaribu, afande. Hiyo haijatoka kwa Sulo."

"Kwa nini isitoke?"

"Hiyo ni nzima."

"Na isiwe nzima kwa sababu gani?"

"Kwa sababu virisasi vile havibaki! Nimewaambia watu miaka yote. Kinagonga, kinakuwa vumbi. Ndani yake hutaokota hata kipande cha maana."

"Ndani ya nani?"

"Ndani ya... ndani ya chochote."

"Ya Sulo ilikuwa vumbi," alisema Peltola polepole. "Kweli kabisa, kama unga. Tunaolijua hilo ni daktari na mimi. Wewe umelijuaje?"

"Nimekwambia, zote ziko hivyo."

"Zote? Hii hapa ni ya shemeji yako, Armas. Imetoka kifuani kwa dume lake, lile uliloliona kwa macho yako. Mabega mawili imeyavunja. Ndizo anazotumia, boksi zima, hana nyingine. Hazipasuki. Zimetengenezwa zisipasuke. Aliyemuua Sulo alitumia ya mbweha, halafu akaacha ganda la kulungu."

Armas aliuchukua mfuko, akaugeuza geuza kwenye taa. Alikuwa mtu aliyeshika bunduki tangu ana miaka saba, na kitu kile hakuwahi kukiona kwa sababu hakuwahi kutaka kukiona.

"Nilidhani zote ni sawa," alisema.

Hapo hapo alijua amesema nini. Mlango ukafunguliwa na Trevarrow akaingia, ana theluji mabegani. Chini ya majani ya ng'ombe ghalani walikuta mbili-mbili-tatu ya zamani imefutwa kwa mafuta. Juu ya meza ya kujazia risasi lilikuwapo boksi la vichwa vyepesi vya mbweha, na kando yake ganda moja la njano limeoshwa, linasubiri kujazwa tena. Mjaza risasi hatupi ganda. Hata lile lililomuua ndugu yake, Armas alikuwa amelirudisha nyumbani.

"Nani alimfyatulia Sulo?" aliuliza Peltola.

"Unajua nani."

"Sema."

"Mimi."

"Kwa nini?"

Armas alianza na baba yake. Kile kibanda cha kuvizia ukingoni mwa kinamasi baba alikijenga kwa mikono yake, na alipozeeka ni Armas aliyembeba mgongoni kumpeleka. Siyo Sulo. Sulo alikuwa mjini anafundisha shule. Baba alipokufa, akamwachia Sulo kambi kwa kuwa ni mkubwa, basi. Armas akameza. Alijiambia Sulo hana mtoto, moyo wake ni mbovu, siku moja kambi itarudi kwake. Kisha akaja huyu Mfaransa na kibunduki, akalazwa kambini, akakalishwa kwenye kibanda cha baba, na mwishowe akaandikiwa vyote.

"Kwenye kiti cha baba, afande. Na kibunduki kile." Sauti yake ilikuwa na kinyaa hata sasa. "Nilitaka watoke wote wawili. Mtu akifungwa kwa kumuua mumewe harithi kitu. Mwanasheria yeyote atakwambia. Kambi inarudi kwa ndugu."

Alieleza mengine bila kuulizwa. Bunduki ndogo aliificha chini ya mwerezi siku moja kabla. Asubuhi alibeba ile kubwa begani ili waione. Alingoja kwanza mlio wa Delphine, awe na uhakika kwamba mtutu wake utanuka baruti. Kisha akangoja Sulo ashuke njiani kwenda kumsaidia mkewe kumpasua mnyama, kwa sababu Sulo lazima angeshuka.

Peltola alifungua daftari lake, kwenye ule ukurasa wa kwanza aliousahau.

"Mkono wake ulikuwa juu," alisema. "Kwa nini?"

Armas alitazama ukutani.

"Aliniona," alisema. "Akanipungia. Nadhani alitaka kuniambia dume limeanguka."

Trevarrow alitoka nje. Peltola aliandika neno kwa neno, akamsukumia karatasi, na Armas akatia sahihi kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na kaka yake.

Saa tatu kasorobo Delphine alifunguliwa mlango wa mahabusu. Peltola alikuwa ameandaa maneno, lakini mwanamke alimpita akaomba koti lake, bunduki yake na risasi yake. Risasi, aliambiwa, ni kielelezo, itabaki hadi kesi iishe. "Itunzeni," alisema. "Ndiyo pekee mliyoishika kwa akili." Akaondoka.

Peltola alikaa na maneno yake siku tano. Ya sita, baada ya mazishi, aliendesha gari mpaka kambini. Mzee Oja alimfungulia, akamtazama, akarudi jikoni bila kumuuliza anakunywa nini. Katika nyumba za huko, mgeni asiyepewa kahawa ameshaambiwa yote. Delphine alikuwa mezani anakata nyama ya kulungu wake, anaifunga kwenye karatasi.

"Nimekuja kukutazama usoni," alisema Peltola. "Ulisema nitakuja."

"Tazama basi."

Alitazama. Alimwambia kwamba alimfunga kwa sababu ya bunduki yake, si kwa ushahidi. Kwamba alilidharau asilolijua, sawasawa na Armas, na kama si yeye kumlazimisha akate mnyama, angempeleka kufia gerezani akiwa na amani moyoni. Mdharau mwiba mguu huota tende, alisema, na mguu ulioota tende ulikuwa karibu uwe wa mtu mwingine. Alisema anaomba radhi.

Delphine aliendelea kukata. "Sulo angekusamehe," alisema. "Alikuwa na moyo huo. Mimi sina."

"Sawa."

"Lakini kambi hii ina sheria, na sasa ni yangu." Aliweka kisu chini, akakifuta. "Ulifyatua, Inspekta. Ukakosa. Geuka."

Peltola alielewa. Alivua koti, akageuka, akavuta pindo la shati kutoka kwenye suruali. Lilikuwa shati la sare. Baridi ya kisu ilimgusa mgongoni, kitambaa kikalia, na mle ndani hakuna aliyecheka, ingawa kwa miaka hamsini na minane watu walikuwa wanacheka.

Delphine aliandika jina la Peltola na mwaka kwenye kipande kile kwa kalamu ya wino. Hakukipigilia karibu na mlango, panapowekwa vya wageni. Alitembea mpaka mwisho wa ukuta, penye kigingi ambacho Sulo alikuwa akitundika kofia yake, akagonga msumari hapo, mara tatu.

"Nenda," alisema, bila kugeuka. "Na funga mlango, joto linatoka."